Mikono Mbele ya Gari

"Vuta juu! Juu zaidi! Si unaona kofia ya dereva bado inaonekana?"

Dinah alikuwa amesimama juu ya benchi la nyuma ya gari, mikono kiunoni, akimwelekeza Issack namna ya kutundika gunia. Yalikuwa magunia mawili ya mahindi yaliyoshonwa pamoja, na sasa yalining'inia kwenye vyuma vya turubai, yakitenga viti vya mbele na vya nyuma. Issack, mwenye gari, alikaza fundo la mwisho na kujipangusa jasho.

"Wallahi, mimi nilinunua gari," alisema. "Sikununua nyumba ya mapazia."

"Na nani alikwambia uandike dereva mwenye mama mkwe?"

Mama mkwe mwenyewe, Nanyama, rafiki yake Dinah, alikuwa amesimama chini ya paa la duka la Issack, hapo Kitale, akiwa ameligeuzia gari mgongo. Upande wa pili wa gari, dereva Wakhungu naye alikuwa amegeuka, anakagua gurudumu ambalo alikwisha kulikagua. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu siku alipomwoa Lenah. Kwa Wabukusu, mama hamtazami usoni mume wa bintiye, wala hakai naye chumba kimoja, wala hamwiti jina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite. Nanyama alimjua mkwewe kwa vipande: kisogo, viatu vya jeshi alivyorudi navyo kutoka vita vya Wazungu huko Bama, ng'ambo ya bahari, na kikohozi cha asubuhi. Hata siku ya kumzika Lenah, mwaka uliopita, yeye alikaa upande wa wanawake na Wakhungu upande wa wanaume, na kitu pekee kilichovuka kutoka upande ule mpaka huu kilikuwa hicho kikohozi.

Lakini safari hii hakuweza kuiacha.

Issack alipolinunua gari hilo kwenye mnada wa jeshi, alianza kuwapeleka watu kutembea msituni, mlimani Elgon, kulikokuwa na pango la chumvi. Lenah alikwenda mara moja, mbele, kando ya mumewe. Alirudi kwao Kibabii akiwa hakamatiki. "Mama, ndovu wanaingia ndani ya mlima kama ng'ombe wanaingia bomani! Wanakula ukuta!" Nanyama alikuwa akipepeta wimbi. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Nitaamini nikiona kwa macho yangu," alisema. "Basi utaona," Lenah akamwambia. "Nitakupeleka."

Hakuwahi. Na sasa Issack alikuwa ameuza gari kwa mtu wa machimbo ya mawe, aje kulichukua Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi. Baada ya leo, pango lile lingebaki kuwa maneno tu.

"Mama Lenah, panda," Dinah aliita. "Yeye haoni, wewe huoni. Hata mahindi haifunikwi hivi."

Nanyama alipanda. Alisikia mlango wa mbele ukifungwa, kikohozi, kisha injini ikanguruma chini ya miguu yake kama mnyama aliyeamshwa vibaya.

Hakuwa amepanda gari la wazi maishani mwake. Basi kutoka Bungoma lilikuwa sanduku tu. Unaingia, unabanwa, unashuka. Hili lilikuwa kitu kingine. Upepo ulimpiga mdomoni akaumeza. Mashamba ya mahindi ya wazungu yalikimbia nyuma mstari kwa mstari. Walipopita Endebess na kuacha barabara, wakamkuta Kemboi, mwenyeji wa Kapsokwony aliyekuwa kiongozi wa njia, akiwangoja na panga begani. Alirukia ubavuni mwa gari, akasimama hapo nje, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine ukionyesha mbele. Na msitu ukawafunika.

Hapo hapakuwa na barabara tena, ila njia waliyokanyaga ndovu. Gari liliinama upande mmoja mpaka Dinah akamlalia Nanyama, likainama upande wa pili mpaka Nanyama akamlalia Dinah. Matawi yalichapa turubai. Mierezi ilisimama mikubwa kuliko nyumba, imevaa ndevu za kijani. Walishuka bonde kwa kishindo cha kutoa roho, wakapanda ng'ambo pua ya gari ikitazama mawingu.

"Yesu wangu!" Dinah alilia. "Tumekwisha! Mimi nauza samaki Sirisia, mimi nilikuja kufanya nini hapa?"

"Ulikuja kukaa kimya," Nanyama alisema, na kwa mshangao wake mwenyewe akapiga yowe la furaha gari liliporuka shina la mti. Miguu yake iliinuka kwenye sakafu. Alikuwa mjane mwenye wajukuu, magoti yanauma asubuhi, na alitamani shina lingine.

"Mbega!" Kemboi alipaza sauti. "Juu, kushoto!"

Wanyama weusi wenye mabega meupe walikuwa wakiruka kutoka mti hadi mti, manyoya yao yakifunguka hewani kama shuka zilizoanikwa. Nanyama alisimama kabisa, akajishikilia kwenye vyuma.

"Kaa chini, wewe mama, utaanguka!"

"Wacha nianguke!"

Nyuma ya gunia mtu alicheka. Si Issack. Ni kicheko kifupi, kilichokatwa haraka. Nanyama hakuwahi kukisikia kabla.

Mbele kidogo gari lilizama kwenye matope meusi. Issack na Wakhungu walishuka, wakayavika magurudumu minyororo, na Nanyama alifuata kazi yote kwa masikio: mlio wa chuma, pumzi, "vuta", "bado", "sasa". Gari likatoka likirusha tope mpaka juu ya kofia ya Kemboi. Hata yeye, mtu wa maneno machache, alicheka.

Kisha wakafika mtoni.

Mto wenyewe haukuwa mpana, lakini ulikuwa umekata kwenda chini, na maji yalikuwa ya rangi ya chai. Daraja lilikuwa magogo mawili tu, moja kwa kila upande wa magurudumu. Gogo la kushoto mvua ilikuwa imelilegeza. Kemboi alilisukuma kwa mguu nalo likaviringika kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Hii inataka watu wawili huko chini," alisema. "Kushika na miti, isigeuke. Mimi na Issack."

"Na mbele nani?" Wakhungu aliuliza.

Dereva akiwa amekaa hayaoni magurudumu yake ya mbele. Siku zote Kemboi ndiye aliyevuka kwanza, akasimama ng'ambo akitazamana naye, na kumwongoza kwa mikono: njoo, kidogo huku, simama. Dereva hutazama mikono ile tu. Asipokuwa na mtu wa mbele, anaendesha kipofu.

"Mimi," alisema Dinah. "Kwani ni kitu gani? Si ni kupunga tu?"

Alivuka akitambaa kwa magoti huku akiimba wimbo wa kanisani. Akasimama, akainua mikono yake minene. Gari lilikaribia, boneti ikaanza kuinuka juu ya gogo, na Dinah akaona kitu kile chote kinamjia yeye. "Mama yangu!" Akakimbilia vichakani. Wakhungu alikanyaga breki kwa nguvu, na gari likarudi nyuma kwenye ukingo.

"Rudi, bana, Dinah!"

"Hata mkinipa ng'ombe siwezi! Hiyo gari ina macho!"

Issack alikuwa tayari majini, maji yamemfika kifuani, meno yakigongana. "Basi," alisema. "Tumejaribu. Geuza gari, Wakhungu. Turudi."

Nanyama alisikia gia ya kurudi nyuma ikiingia. Alishuka kabla gari halijasogea.

Injini ilizimwa. Wakhungu aliruka chini upande wake, akalitazama jani la mti, na kusema kwa sauti kubwa: "Dinah! Mwambie mama haifai."

"Anasema haifai!" Dinah alipaza sauti kutoka kichakani ng'ambo.

"Nimesikia," alisema Nanyama, naye akitazama maji. "Mwambie nimeongoza maksai wa jembe tangu baba yake Lenah afe. Natembea mbele, wananifuata. Hii ni kulima tu."

"Anasema wewe ni maksai!"

"Sikusema hivyo!"

"Mwambie," Wakhungu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "watu watasema nini?"

"Mwambie watu hawapo. Kuna nyani. Mwambie Jumatatu gari inakwenda."

Dinah hakufikisha hilo. Hakukuwa na haja. Huko chini Kemboi aliegemea mti wake akakaza miguu. "Amueni," alisema. "Maji haingoji."

Nanyama alivua viatu, akavuka gogo la kulia kwa nyayo zake, akageuka.

Aliamua angetazama magurudumu peke yake. Magurudumu hayana uso. Aliinua viganja, akakunja vidole: njoo. Gari likaja. Njoo. Tairi la mbele likapanda gogo la kushoto, gogo likalalamika, na chini yake Issack akasema jina la Mungu. Njoo. Likasogea tena, taratibu, lakini likaanza kuukaribia ukingo wa nje. Nanyama alipeleka mikono yake upande wa kushoto kwake. Gari halikufuata. Aliipeleka tena, kwa nguvu. Tairi lilizidi kutoka nje, magome yakabanduka na kuanguka majini.

Ndipo alipoinua macho, na kuona. Wakhungu alikuwa ameinamisha uso. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na macho yake yalikuwa kwenye magoti yake, kwa heshima, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya siku zote. Alikuwa akiendesha gari juu ya gogo bila kutazama.

"Haa!" Nanyama alipiga ukelele wa kusimamisha maksai. Gari lilisimama palepale. "Nitazame!"

Hakuinua uso.

"Nitazame mimi! Si magoti! Si maji! Mimi!"

Wakhungu aliinua macho.

Kwa hiyo huyu ndiye. Uso mwembamba kuliko alivyoufikiria. Kovu lililokata nyusi moja. Ndevu za siku kadhaa ambazo hakuna aliyemwambia anyoe. Macho mekundu, yasiyojua pa kwenda sasa yalipofunguliwa. Uso wa mtu anayekula peke yake. Nanyama alielewa, akiwa na mikono hewani, kwamba hakuwahi kujiuliza ni nani anampikia.

Hakuwa na nafasi ya zaidi. "Usiniache," alimwambia, na sauti yake haikuwa ya kuongoza maksai. "Njoo huku. Kidogo. Kidogo tena. Hivyo hivyo."

Aliipeleka mikono kushoto kwake, na macho yale yakafuata, na magurudumu yakafuata macho. Tairi likarudi katikati ya gogo. Alirudi nyuma hatua moja, naye akaja hatua moja. Alirudi tena. Minyororo iliuma mti. Walikuja hivyo, wakitazamana bila kupepesa, mpaka joto la injini likampiga Nanyama tumboni na magurudumu ya nyuma yakaporomoka kwenye udongo mgumu wa ng'ambo.

Dinah alitoka kichakani akipiga vigelegele. Issack alipanda ukingo akitiririka maji, anacheka na kutetemeka. Kemboi alimtazama Nanyama, akavua kofia yake yenye tope.

"Kwetu ukitaka kumwona mama mkwe, unaleta asali kwanza," alisema. "Huyu ameleta gari."

Wakhungu alikuwa amekwisha kugeuka, mgongo kwao, akiyakagua magurudumu moja baada ya jingine, muda mrefu.

"Sasa gunia tutoe?" Dinah aliuliza.

"Liache," alisema Nanyama akipanda. Viganja vyake vilikuwa bado vinamwasha. "Wewe utafika Sirisia na habari hii kabla ya samaki wako. Nitasema nini?"

"Mimi? Mimi sikuona kitu. Mimi nilikuwa kichakani."

Njia ilipanda tena, na wote wakawa wanasema kwa pamoja, kila mtu akieleza alivyoona kifo. Gari liliruka, na Nanyama akapiga yowe, na nyuma ya gunia kicheko kile kifupi kikaja tena, safari hii hakikukatwa.

Kemboi ndiye aliyewanyamazisha. Aligonga ubavu wa gari mara mbili, na injini ikazimwa. Mbele yao mlima ulikuwa umefungua mdomo: mwamba mweusi, mpana, na maji membamba yakidondoka kutoka juu kama ushanga. Hewa ilinuka mavi mabichi ya ndovu na kitu kingine, baridi na chungu. Aliwaonyesha kwa kidole wajifiche nyuma ya mawe, huku wawili, kule wawili, naye akabaki na panga karibu na gari. Nanyama na Dinah walijibanza nyuma ya jiwe moja. Issack na Wakhungu walikwenda nyuma ya lile la pili, karibu tu.

Walingoja. Mianzi ilipasuka. Ndovu jike alitoka bila haraka, akipapasa ardhi kwa mkonga kama mtu anayetafuta mlango gizani, akaingia ndani ya mlima. Punde kutoka ndani ikaja sauti ya pembe zikikwaruza jiwe, kisha sauti ya kutafuna.

Nanyama aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika, na Dinah hakujua kama anacheka au vipi.

"Anakula ukuta," Nanyama alinong'ona.

Kutoka nyuma ya jiwe la pili sauti ya chini, isiyopitia kwa mtu yeyote, ikamjibu: "Ndiyo, mama."

Mianzi ilitikisika tena. Ndovu mdogo alitokeza, masikio yake mapana kwa mwili wake, akakimbia mpaka kwenye mdomo wa pango na kusimama pale penye mwanga. Ndani, mama yake alikuwa haonekani tena, anasikika tu. Mtoto aliinua mkonga, akanusa giza, akainua na mguu mmoja wa mbele, akauacha hivyo hewani.