Jiko la Kuelekea Gati

Gunnvor alikuwa mtu wa bara, wa mabonde ya misonobari kule Norwei. Nyumba alizochora zilikatwa kiwandani kwao vipande vipande, zikapakiwa kwenye malori, zikaunganishwa na kusimama kwa siku tatu tu. Alikwisha kuchora thelathini na moja. Ya Torleiv ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenda kisiwani, na Jumatatu misumeno ingeanza kuikata. Alhamisi alivuka kwenda kukagua nguzo za zege ambazo nyumba ingekalia, basi.

Torleiv, mpishi wa meli mstaafu, alimpokea pamoja na dada yake Solbjørg, mwenye miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa kisiwani kama yeye, ila sasa akiishi peke yake mjini. Torleiv alijenga ili wakae wote wawili. Dada alikuwa hajakubali.

Gunnvor akatandaza mchoro mwambani, akaukandamiza kwa mawe. "Jiko na mlango huku magharibi. Ukiamka, bahari yote yako."

Solbjørg alicheka mpaka akamshika ndugu yake bega. "Mlango magharibi! Mwanangu, utaufungua mara moja tu. Mara ya pili uufuate Uswidi, upepo umeshaupeleka!"

"Dada, mwache mgeni wa watu."

"Nimwache vipi? Na hilo jiko! Bahari nimeitazama miaka yote hii, haijaniletea habari hata moja. Mimi nataka gati. Nani kashuka kwenye kivuko, kaja na nani, kabeba nini. Nikikosa hilo nabaki mjini na majirani zangu wasiosalimia."

Torleiv hakucheka. Alizitazama nguzo zilizokwisha kuchimbiwa kwenye mwamba. "Dada, nguzo ndizo hizo, hazihamishiki."

Gunnvor aliona haya. Wateja wake wa mjini wote hutaka bahari, na hawa hakuwauliza. Kuizungusha nyumba nzima kungepeleka bafu kusini, na bomba la maji lilikuwa limeshazikwa kaskazini.

Waliingia banda la mashua, alikokuwa akilala Torleiv, wakanywa kahawa. Gunnvor hakugusa chapati za maziwa alizopika mwenyeji wake. Aliuinua mchoro kwenye kioo cha dirisha, uso wa karatasi ukielekea nje, mwanga ukapenya, na magharibi na mashariki ya mchoro zikabadilishana. Jiko likaangukia mashariki, kwenye gati. Mlango ukajificha na upepo. Bafu likabaki kaskazini palepale, na nguzo, zilizopangwa sawasawa kushoto na kulia, hazikudai badiliko lolote.

Akapiga simu kiwandani. "Msikate kitu. Naigeuza karatasi."

"Umelewa?"

"Kahawa tu." Akamgeukia Solbjørg. "Mama, dirisha lako lianzie wapi?"

Bibi akakaa kitini, akapima kwa kiganja usawa wa kidevu. "Hapa. Nichungulie nimekaa. Nikisimama watajua."

Mwezi wa sita tishari la mizigo likavuka na vipande vya nyumba. Siku ya pili ukuta wa mashariki ulikuwa umesimama na dirisha lake, paa bado. Solbjørg akakaa juu ya rundo la mbao. Kivuko kikafunga kamba gatini.

"Yule si mtoto wa Inghild? Kanenepa! Na mwalimu, peke yake tena. Torleiv! Mkewe yuko wapi?"

"Nitajuaje mimi, dada?"

"Si uende ukaulize! Na ukirudi upige simu mjini, waniletee kitanda changu."

Gunnvor, juu ya ngazi na skrubu mdomoni, naye akageuka kumtafuta huyo mwalimu.