Ukurasa wa Nne

Katibu wa klabu alijaliwa sauti nzuri ya kusomea, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Pale klabuni kulikuwa na desturi ya tangu enzi za waasisi: karatasi haitiwi saini mpaka katibu aisome mbele ya wanachama wote, neno kwa neno, kwa kuwa nusu yao hawakujua kusoma na nusu nyingine kila siku walisahau miwani nyumbani. Shangazi yake, aliyefua jezi za timu kwa miaka thelathini na moja, alizoea kumwambia, "Wewe ukishasoma, na mimi nimesoma." Kisha anachovya dole gumba kwenye wino.

Siku ya mkutano wa kuuza timu, wakili wa mnunuzi alimvuta pembeni, kwenye chumba cha mipira.

"Huo ukurasa wa nne ni mambo ya kisheria tu, utawachosha wazee bure," alisema. "Halafu bosi anatafuta meneja. Mtu anayejua kuishi na watu."

Katibu hakuwa mtoto. Ukurasa huo alishausoma jana yake. Ulimruhusu mnunuzi kuihamishia timu mji wowote autakao, pamoja na jina lake na vikombe vyake.

Basi akasimama, akasoma ukurasa wa kwanza: paa jipya la jukwaa. Wa pili: nyasi. Wa tatu: mabafu, na watu wakapiga makofi kwa ajili ya mabafu. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea na wa tano kwa sauti ile ile. Hakuna aliyeshtuka. Nani amhesabie kurasa mtoto wa nyumbani? Shangazi alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba.

Miezi mitatu baadaye lori likaja, saa tatu asubuhi. Shangazi alikunja jezi, akazipanga kwa namba kama afanyavyo timu ikienda ugenini, akampa dereva na kipande cha sabuni, maana sabuni za watu hakuziamini. Alipoona vikombe navyo vinapakiwa, akauliza ni ugenini gani huko watu wanakokwenda na vikombe. Dereva, maskini, akamwambia ukweli.

Kufika adhuhuri ukumbi wa klabu ulikuwa umefurika. Fundi viatu, aliyeshona njumu za wachezaji wa vizazi vitatu, alikuwa na nakala ya mkataba mkononi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Katibu, huu ukurasa wa nne ulitusomea?"

Kabla hajafungua mdomo, Shangazi akainuka.

"Mwanangu msimsingizie. Alisoma yote, mimi nilikaa mstari wa mbele. Masikio yetu ndiyo yamezeeka. Tulikuwa tunashangilia mabafu."

Watu wakainamisha macho. Mzee mmoja akakiri kwamba siku ile alisinzia kidogo, akaomba radhi. Akaomba radhi yeye!

Katibu angeweza kunyamaza tu. Barua ya umeneja ilikuwa mfukoni, na Jumatatu alitakiwa kuripoti huko timu ilikokwenda. Kutukanwa alishajiandaa, hata kupigwa. Kutetewa hakujiandaa, na aibu ilimpanda.

"Shangazi, sikuusoma."

"Ulisoma. Nilikusikia."

"Huu niliuruka. Nilijua umeandikwa nini, nikauruka."

Fundi viatu akapiga hatua mbele. Shangazi akamzuia kwa mkono, kisha akaketi taratibu, mstari wa mbele, pale pale alipokaa siku ile.

"Basi soma sasa," alisema.

Akasoma. Jina, vikombe, mji wowote. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alifika hadi nukta ya mwisho na hakuna aliyemkatiza. Alipoinua macho, Shangazi hakuwa anamtazama. Alikuwa akilisugua dole gumba lake kwenye gauni, analisugua tu, na wino wenyewe ulishatoka siku nyingi.