Ndafu ya Nishani

Kikao cha tatu cha kamati ya sherehe ya kumpongeza mumewe kilimkuta Generosa ameshachoshwa na kila mtu aliyekaa sebuleni kwake, Ipagala, akimmalizia chai. Shemeji yake Octavian, mwenyekiti aliyejiteua mwenyewe, alikuwa ameshaagiza ndafu ya mbuzi mzima na keki yenye umbo la nishani. Nishani yenyewe, aliyovishwa mumewe Optatus kwa ushujaa wa kupambana na waasi kule Msumbiji, ilikuwa juu ya friji, pamoja na dawa ya mbu.

"Sasa igizo," alisema Octavian. "MC anataka shujaa ambebe mtu mgongoni, azunguke ukumbi, watu waone alivyomtoa mwenzake kwenye risasi. Nitabebwa mimi."

Watu wakacheka, maana kitambi cha Octavian kinahitaji winchi. Optatus hakucheka. Aliinuka akaenda uani kumwagilia mchicha ambao asubuhi alikuwa ameshaumwagilia.

Generosa alimfuata kwa macho. Mwenzake huyo, Elisha, alikata roho mgongoni humo humo kabla hawajalifikia gari. Tangu arudi, Optatus ameitwa kwenye mahafali, harambee na jubilei ya kwaya, na kote amekwenda. Ihumwa kwa mama yake Elisha, hapo tu, hajakwenda kutoa pole. Kila Jumamosi ana udhuru: mara bomba limepasuka, mara kichwa kinauma. Na usiku analala macho wazi. Generosa aliona wazi kwamba asipokwenda huko, usingizi hautamrudia.

"Na mama wa marehemu tumemtengea kiti cha mbele," Octavian akaendelea. "Nimeshampigia simu."

"Umempigia!" Generosa alitua birika kwa kishindo. "Shemeji, una akili kweli? Mume wangu hajakanyaga msibani kwa yule mama, halafu wewe unamwita aje kula ndafu, amtazame mwanawe akiigizwa na kitambi chako?"

"Hayo ni mambo ya protokali, shemeji."

"Protokali nenda nayo kwako. Kikombe changu kiache."

Kesho yake alimsukumia mumewe kwenye bajaji kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Njia nzima Optatus alilalamika: jua kali, vumbi, bora wangetoa taarifa kwanza. Generosa alihesabu nguzo za umeme, kwa sababu angefungua mdomo wangegombana mpaka Ihumwa.

Mama Paulina, mama yake Elisha, alikuwa uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

"Mimi ni Optatus, mama. Nilikuwa na Elisha. Pole sana. Nimechelewa."

"Umechelewa," alisema mama, wala hakumpunguzia. "Nimekungoja mpaka nikasema labda na huyo naye alikufa."

Optatus akatoa nishani mfukoni, akaiweka mkekani karibu na ungo. Mama hakuigusa.

"Ndiwe uliyembeba?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana, mama."

"Mwongo wewe! Nimembeba mgongoni kwenda shamba na kurudi, nikinung'unika njia nzima. Elisha alikuwa mzito tangu mchanga."

Simu ya Generosa ikaita. Alikuwa Octavian. Akaizima.

"Alikuwa mzito, mama," alisema Optatus, na hapo ndipo alipolia. Mama Paulina akasogeza ungo wake pembeni, akampa nafasi ya kukaa.