Matumbo ya Mashauriano

Kampuni ya sola iliponifanya mwenyekiti wa jamii, ilinipa kofia ngumu ya njano na koti lenye mistari ya kung'aa. Mbuzi wangu waliponiona hivyo walitawanyika, na nilishinda nikiwakusanya.

Tangu hapo nikawa mtu wa kushauriwa. Nilishauriwa kuhusu rangi ya lango, nikashauriwa kuhusu jina la mradi, nikapigwa picha nikinyoosha kidole mbali mahali ambapo hapakuwa na kitu. Jambo moja nililotaka kuwashauri mimi ndilo lililokosa nafasi. Seng'enge yao ingekata njia ya mifugo inayoshuka hadi laga, ule mto wa mchanga tunaochimba visima wakati wa kiangazi. Kuzunguka ua wote ni safari ambayo mbuzi mwenye mimba haiwezi. Nilimwambia Makandi, binti wa Kimeru anayeshughulikia mambo ya jamii, nikamwambia na Injinia Munene. Nilisema ofisini, nikasema porini, nikawapeleka kwa miguu wakaona mavi ya mbuzi kwa macho yao.

"Tumekusikia, Mama Ekiru," Makandi alinijibu kila mara, na kweli alikuwa na masikio mazuri, yenye vipuli.

Siku ya kukubali mradi tuliitwa hoteli moja ya mjini, mtaa wa Wabera. Sasa, sisi Waturkana jambo la ardhi halikatwi kwa mdomo mtupu. Mbuzi huchinjwa, matumbo yakatandazwa juu ya ngozi, na mzee anayejua kuyasoma akasema ameona nini. Makandi alifurahi sana kusikia hivyo. Kampuni inaheshimu mila, alisema, na mbuzi akanunuliwa.

Tulikaa, tukaomba Mungu, tukangoja. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi Mwongera na sahani, akaiweka mbele ya mzee Lodio, msomaji wetu. Matumbo yalikuwa yamekatwakatwa na kukaangwa kwa vitunguu na dhania.

"Nimeosha vizuri sana, mzee," alisema Mwongera. "Hakuna kitu imebaki ndani."

Lodio aliitazama sahani upande huu, akaitazama upande ule. Injinia hata akazima simu. Mwishowe mzee akachukua kipande, akatafuna taratibu.

"Iko tamu," akasema.

Makofi yakapigwa. Makandi alikuwa tayari ananinyooshea kalamu nitie sahihi kwamba wazee wamesoma na wamekubali. Hasira ilinipanda mpaka kofia ikanibana.

"Hapa hakuna kitu imesomwa," nikasema. "Imekulwa."

Ikabidi twende mradini. Bajeti ya mbuzi ilikuwa imeisha, kwa hiyo nilitoa beberu wangu mwenyewe, na nilimpenda. Alichinjiwa juu ya njia yenyewe. Lodio akapiga magoti, akaonyesha mshipa mwekundu uliopita katikati ya utumbo.

"Hii ni njia," akasema. "Ikifungwa, naona mifupa."

Injinia Munene, mtu wa hesabu na wa kanisa, alirudi nyuma kidogo, akapiga simu palepale. Kabla damu haijakauka, ua ulikuwa umesogezwa kwenye ramani na njia imeachwa wazi, pana kuliko nilivyoomba.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Pia nilitaka kumtupia mtu jiwe.

"Makandi," nikamwuliza, "si hii ndiyo ile njia nimekuonyesha tangu mwaka jana?"

Alinishika mkono kwa upole, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Ni kweli, Mama Ekiru. Lakini hayo yalikuwa maoni yako tu. Hii sasa ndiyo sauti ya jamii."

Nikaitazama sauti ya jamii pale juu ya ngozi. Nzi walikuwa wameshaanza kuikalia.