Mimba Niliyoitangaza Mimi

Mwananyamala nzima inajua, au ilikuwa inajua, kwamba mimi sikosei mimba. Ya Yustina niliiona akiwa anafua. Nikamwambia, akanitukana, na miezi minane baadaye ni mimi aliyeniita nimshikie mtoto.

Kwa hiyo mwaka tisini na tatu, nilipomkuta Riitta soko la Tandale ananunua udongo, sikuhitaji kuambiwa na mtu. Riitta ni mke wa Apolinari, aliyekwenda kusoma Ufini akarudi na cheti na mke. Walipanga nyumba inayopakana na yangu. Apolinari akapata kazi ya barabara Songea, akawa anaonekana mwisho wa mwezi tu. Mkewe akabaki kuzunguka sokoni peke yake, akinunua kila asichokijua: leo shelisheli, kesho mabungo, keshokutwa ngisi anayemshika kwa vidole viwili. Siku hiyo alikuwa amesimama kwa muuza udongo, ule wanaotafuna wajawazito. Anatafuna kipande cha pili, na fungu zima limo kapuni.

Mpaka jua linazama, hakuna mwanamke mtaani ambaye hakuwa na habari.

Kabla ya hapo, tuseme ukweli, tulikuwa tunamsalimia kwa mbali. Mzungu utaongea naye nini? Lakini mama kijacho ni wa wote. Sesilia wa mtaani kwetu alimpelekea embe bichi kwa chumvi na pilipili. Yustina, ambaye ni Mchaga, akampikia mtori. Nikamwambia mtori ni wa aliyekwisha kuzaa, akanijibu kwamba wa kwake unaanza mapema. Mimi nilimnyang'anya Riitta ndoo ya maji kila nilipomkuta nayo. Alikula kila alicholetewa huku machozi yanamtoka, anasema, "Asante, tamu sana." Apolinari alipokuja tukampongeza. Alishukuru, akidhani ni pongezi za ndoa zilizochelewa.

Mimba ilipofika mwezi wa tano kwa hesabu yangu, tulichanga nguo za mtoto za mitumba na beseni la kuogeshea. Tumbo la Riitta bado lilikuwa bapa kama sinia.

"Labda kwao wanabebea mgongoni," Sesilia alisema, na wenzake wakacheka. Walikuwa wananicheka mimi, si Riitta. Nilikasirika, nikaenda moja kwa moja kwake.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," nikamwambia. "Mimba iko wapi?"

Aliketi kitandani. "Hakuna mtoto, Mama Talha. Yule muuza udongo alinipa nionje. Niliona aibu kukataa."

"Na ulijua lini tunachofikiri?"

"Mwezi wa pili tangu siku ile ya udongo." Akaanza kulia. "Kabla ya udongo nilikaa hapa miezi minne. Hakuna aliyegonga huu mlango. Niliogopa mkijua, mtaacha kuja."

Sasa nitasema nilichowaza, maana mimi si malaika. Niliwaza kutoka nje nitangaze kwamba mimba imeharibika. Jina langu lingebaki, naye angepewa pole na watu wangezidi kujaa mlangoni kwake. Nilishafika hata kizingitini. Nikashindwa. Kumzulia mtu msiba wa mtoto ili mimi nisichekwe, hapana.

Wanawake walikuwa kibarazani kwa Yustina wanachambua mchele. Nikasimama mbele yao.

"Hana mimba," nikasema. "Hajawahi kuwa nayo. Nimekosea mie."

Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema hivyo. Wakacheka mpaka mchele ukamwagika, na wiki nzima nikawa nachekwa. Hata waliokuwa wakinijia kuulizia matumbo yao wakaanza kwenda kupima hospitali.

Lakini kilichoniuma si hicho. Kesho yake asubuhi nilimwona Sesilia anapita na bakuli lililofunikwa, anaelekea kwa Riitta.

"We Sesilia," nikamwita, "si nimeshakwambia hana mimba?"

"Nimesikia," akasema bila kusimama. "Kwani asiye na mimba hali?"

Kwa miezi minne ile ya kabla ya udongo hakuna aliyejiuliza swali hilo, na mimi ndiye niliyekuwa jirani wa karibu zaidi.