Chumba cha Kugandishia

Nkwabi alikuwa mtu wa kujisikia tangu zamani, lakini enzi zile za ruksa ya biashara huria, kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa kando ya ziwa na yeye akapewa usimamizi wa chumba cha kugandishia, basi tena, mtaa mzima wa Pasiansi ulikoma. Ukimpa salamu, anakujibu habari za kiwanda.

Binti yake Odeta, miaka kumi na mitatu, alikuwa na kisukari. Aliishi kwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Vichupa vya dawa mama yake, Teodora, alivitunza kama muuguzi alivyomfundisha, ndani ya chungu kilichokaa kwenye mchanga uliolowa maji, na mwaka mzima sukari ya mtoto ilitulia.

"Chungu!" Nkwabi aling'aka siku moja. "Mimi nina chumba kizima cha baridi, halafu dawa ya mwanangu inakaa kwenye chungu kama mlenda?"

"Baba Odeta, muuguzi alisema..."

"Muuguzi wako ana chumba cha kugandishia?"

Akavibeba vyote akavipeleka kiwandani. Kikihitajika kimoja, anakileta kimekuwa jiwe, na Teodora anakiyeyusha kwapani.

Wiki ya pili Odeta akawa hashibi maji. Teodora akichemsha mkojo wa mtoto na ile dawa ya bluu ya kupimia, unageuka rangi ya tofali. Sukari ilikuwa imepanda vibaya mno.

Nkwabi hakujiuliza hata dakika moja. Dawa anaitunza yeye, itaharibikaje? Mkosaji ni mtoto, anadokoa. Akafungia sukari na ndizi mbivu kwenye sanduku la bati. Odeta akaapa kwa Mungu kwamba hajalamba kitu. Akachapwa kwa kuiba, akachapwa tena kwa kuapa uongo. Jamani, mkono ule! Mtoto amebaki mifupa, anahema, na baba mtu amesimama juu yake na fimbo: "Umekula nini? Sema!"

Alipozimia ndipo wakamkimbiza hospitali. Muuguzi alimwita Nkwabi pembeni, akainua dirishani kichupa walichokuja nacho. Ndani yake vilielea vipande vyeupe.

"Hii iligandishwa?"

"Na mimi mwenyewe," Nkwabi akasema, kifua mbele. "Kiwandani kwetu."

"Basi mzee, mmekuwa mkimchoma maji. Insulini ikishaganda imekufa."

 Nkwabi alijikokota hadi wodini akiwa na neno moja tu la kumwambia mwanawe: nisamehe. Teodora alikuwa pale, na shangazi wawili, na akina mama wa kanisani. Odeta alikuwa amezinduka. Kumwona baba yake tu, akawahi yeye.

"Shikamoo baba. Usinichape. Ni kweli nilikuwa naiba sukari. Nisamehe."

Wote wakamgeukia Nkwabi. Neno lilikuwa limemfika mdomoni kabisa. Akawatazama wale watu mmoja mmoja, akalimeza.

"Marahaba," akasema. "Nimekusamehe."

Teodora akaangua kilio, kwa kuwa aliamini kwamba mwanawe aliiba kweli.

Odeta alifariki kesho yake. Walimzika Buswelu, na pale makaburini Nkwabi alisimama, akapangusa macho, akawaasa wazazi wenzake wawe wakali zaidi, maana watoto wa siku hizi wana tamaa.