Uvimbe wa Simsim

Sogea, nikutegee. Ninacho tangu kuzaliwa, sijawahi kukiona, na nyumba nzima inakitumia kunishinda mimi. Nini hicho? Fikiri, mimi naendelea.

Kule Makindye, Simsim, paka wa Hajati Zuleika, aliamka akiburuta miguu ya nyuma. Alizunguka ua akilia, hatulii juani wala kivulini. Hajati naye hakukaa kitako, maana alimpenda sana yule paka.

"Husnah!" alimwita mke wa mwanawe. "Acha kufua, mbebe Simsim twende Nakawa kwa daktari wa wanyama."

Husnah akajinyoosha polepole, mkono kiunoni, akambeba.

Daktari Joska alimpiga picha paka, akaona uvimbe umebana uti wa mgongo. "Bila kumpasua hatatembea tena," alisema. "Hulala wapi huyu?"

Hajati alikuwa akizungukazunguka chumbani. "Ala! Paka atalala wapi? Popote."

Husnah akatazama sakafu. Kwa Hajati, mke wa mwana hajibu wageni mkwewe akiwepo.

Simsim akapewa dawa ya usingizi. Daktari akapasua ngozi, akatenga misuli, akaondoa kipande cha mfupa, akaubandua uvimbe taratibu asiguse neva. Ulikuwa kama punje ya njugu. Alipoukata, ndani mlikuwa na povu la sabuni, vumbi la makaa na maji ya jerikeni, bado baridi.

"Huu si wa paka, ni wa mtu," aliwaambia juma lililofuata, walipokuja kumchukua. "Kuna paka wa mbeba matofali kule Luzira, wake ulikuwa na kipande cha tofali. Huyu akirudi kulala alikokuwa akilala, utaota tena. Analala wapi, Hajati?"

"Wewe umemponya, mwanangu, Mungu akubariki. Ya kulala tuachie wenyewe." Hajati akatoka kutafuta bodaboda. "Husnah, haraka! Jerikeni zote tupu, na nguo umeziacha majini!"

Husnah akainama kuokota kikapu. Simsim akashuka mezani, akatembea kwa miguu yote minne akiyumba kidogo, akampanda mgongoni, akajikunja. Daktari alisimama akingoja, mikono mifukoni.

"Wewe Husnah!"

"Nakuja, mama."

Kisha, akiwa bado ameinama, akamgeuzia daktari uso.

"Hapa, daktari. Asipolala hapa, asubuhi siinuki."